Asali Ambayo Sikuipima

Jumatatu, 1 Julai
Kupokea ndoo za asali, kuchukua sampuli, kuandika jina. Tangu asubuhi. Mikono inanata mpaka kwenye kalamu. Baba mdogo Maganga kaleta asali yake kutoka Igalula. Yake sikuchukua sampuli. Nimeimimina moja kwa moja kwenye pipa la kikundi chetu cha wafuga nyuki. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nimpime yeye?

Alhamisi, 11 Julai
Majibu ya maabara. Pipa lina mabaki ya dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku, yamepita kiwango. Sampuli za wengine zote safi. Mnunuzi kaikataa asali. Mwenyekiti, Mama Nyamizi, kaniuliza uchafu umetoka kwa nani. Nikasema sijui. Nimedanganya.

Jumamosi, 13 Julai
Igalula. Njiani niliomba iwe ni upepo tu, umepeperusha dawa kutoka shamba la jirani. Lakini mizinga yake iko ndani porini, tumbaku hakuna. Kisha nikaliona uani. Dumu la bluu, lebo imebanduka nusu, alama ya fuvu bado ipo. Limejaa asali.

“Baba, dumu hili lilikuwa na nini?”

“Dawa ya tumbaku. Nimelisugua kwa majivu na maji ya moto, mara tatu.”

“Dawa hii haitoki kwa majivu, baba.”

Akacheka. Eti mama mdogo, mkewe, analamba kijiko cha asali hiyo kila asubuhi, kwa ajili ya kifua. Nimeimwaga shimoni na kuifukia, nyuki wasije wakailamba. Hakucheka tena.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani sikusikia neno. Nikimtaja, nimemwaibisha mzee wangu. Nikinyamaza, madumu kama lile yatabaki kwenye nyua za watu. Halafu kuna kosa langu mimi. Hilo ndilo naliogopa zaidi. Aibu.

Jumatatu, 15 Julai
Nimesema. Mbele ya kikao kizima. Kwamba sikupima, kwamba nilidanganya, na asali ilikuwa ya nani. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Mama mmoja kasema tu, “Msimu mzima, binti yangu.” Pipa lote litaharibiwa. Nimeondolewa mapokezi. Ni haki yao. Baba mdogo alisimama, kofia mkononi. “Dumu ni langu. Sikujua.” Akatoka bila kuniangalia. Nililia chooni.

Jumatano, 24 Julai
Mama mdogo kapimwa hospitali hapa mjini. Kapewa dawa ya kifua, atarudi baada ya wiki mbili. Kuhusu asali ile, daktari kasema wataendelea kumwangalia. Nimemrudisha Igalula kwa treni. Baba mdogo alikuwa anatusubiri stesheni.

“Shikamoo, baba.”

Alivua kofia, akaivaa tena.

“Marahaba.”

Akachukua mkoba wa mkewe. Tukatembea polepole, kwa mwendo wa mama mdogo, sote watatu.