Kufuli Haijaribiwi kwa Ufunguo Wake

Dada Spesi,

Amahoro huko uliko. Tangu tukuzike mvua haijakatika hapa Bangwe. Mimi Mwajuma wako wa ofisini sina raha, na wa kumweleza ni wewe tu.

Ulipoondoka, ofisi ilileta kompyuta mpya, hapa mjini na kule kambi ya wakimbizi. Fundi akahamisha programu yako, ile inayotia muhuri kila ujumbe wa kuruhusu mtoto aliyepotezana na wazazi wakati wa kukimbia Burundi akabidhiwe kwa ndugu zake. Ufunguo wa siri akauweka kwenye folda ambayo programu haiangalii. Programu ikakosa ufunguo, ikaipa maktaba ya mihuri, kile kipande cha ndani kinachopiga muhuri wenyewe, ufunguo mtupu, na maktaba ile, unaijua, hainung'uniki. Ilipiga muhuri kama kawaida. Kambini nako ilikuwa vivyo hivyo, kwa hiyo mihuri ikalingana na sisi tukamshukuru Mungu kwamba kazi inakwenda. Kumbe mtu yeyote angeweza kuughushi muhuri wetu!

Unakumbuka ulivyonunua kufuli sokoni Ujiji? Ulizijaribu kwanza funguo za kufuli nyingine zote mezani, hadi mwenye duka akafoka, "Mama, unanunua au unajifunza wizi?" Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka tu: "Kufuli haijaribiwi kwa ufunguo wake, Mwajuma."

Jana asubuhi nilikukumbuka, nikabadilisha ufunguo wetu kwenye folda ile kwa wa uongo, nikatuma ujumbe wa majaribio. Nilingoja ukataliwe. Ukapokelewa. Nikarukia simu, dada, maana siku hiyohiyo binti mmoja mdogo alikuwa akabidhiwe kwa mjomba wake, na mlezi wake kambini aliniambia kwenye simu kwamba gari limeshawashwa. Nikapiga kelele, "Msimtoe!"

Mjomba alikuwa wa kweli. Majirani zao wa zamani walimtambua, na mtoto mwenyewe alimkimbilia. Mjomba alinitukana kwa kumchelewesha, nami nikamshukuru. Lakini watoto walioondoka kabla ya binti huyo? Nawafuatilia mmoja mmoja, na kila simu isipopokelewa napiga tena.

Sasa programu ikikosa ufunguo inagoma kuwaka. Ufunguo mpya niliupeleka kambini mwenyewe kwa mkono, kama ulivyonifundisha, sikuupitisha njia moja na ujumbe. Nikajaribu tena ule wa uongo. Ukakataliwa, nikalia mbele za watu.

Hukuwahi kuniambia kwa nini ulijifunza kazi hii. Nilisikia kwa shangazi yako msibani: mdogo wako wa damu, Nestori, alichukuliwa akiwa mtoto na mtu aliyejiita mjomba, mkononi ana karatasi yenye muhuri, na hakuna aliyeujaribu.

Uruhukire mu mahoro, upumzike kwa amani, dada. Nakuahidi, hatoki mtoto kwa muhuri ambao sijauona ukikataa ufunguo wa uongo. Na kila ujumbe unapoingia, kabla ya yote, naangalia kama jina ni Nestori.

Mdogo wako,
Mwajuma