Nimefungwa Macho Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Gari jipya limeletwa kwenye barabara yetu ya majaribio. La kifahari kwelikweli! Ndani ngozi tupu, nje limevishwa plastiki ya madoadoa ili wapiga picha wasijue umbo lake. Kazi yangu ni ile ile: nakaa nyuma kama bosi, nimefungwa kitambaa machoni, natoa alama kwa kila tuta. Injinia anasema macho humdanganya mtu. Dereva ni shemeji, mume wa dada yangu. Ndiye aliyeniingiza kazini.

Kwenye mawe tumepita kama tumekalia godoro. Nimetoa tisa kwa kumi. Ila kona ya mwisho — tuliikata tumechelewa, mkia ukayumba. Nikang'ang'ania kiti cha mbele!

Jumanne, 5 Machi

Injinia amekaza springi za nyuma. Bure. Kona ile ile, tumechelewa tena. Nimesikia nyasi zikikwaruza chini ya gari! Shemeji akacheka, eti mimi ndiye ninayelielemea nyuma, nipunguze kula. Nikacheka kwa adabu tu.

Springi hazina kosa. Gari linatii. Linaambiwa kwa kuchelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Jana nilikwenda kwa dada. Shemeji akamimina chai — yote mezani, kikombe kiko pembeni. Dada akafuta kama aliyezoea. Nikamvuta jikoni.

Dada anajua! Macho ya mumewe yameingia ukungu, huu ni mwezi wa pili sasa. Barabara ya majaribio anaipita kwa mazoea tu. Dada akanishika mikono: mdogo wangu, nyamaza, akinyang'anywa usukani atakufa huku anatembea. Haya, na mimi je? Nikamuuliza. Akalia.

Sijalala. Usiku kucha miguu inakanyaga breki ambayo haipo. Naogopa mno.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ni mwendo wa juu kabisa. Nilitoka nyumbani nimeshaamua: namwambia injinia, liwalo na liwe. Nafika — wakubwa wenye suti wamejaa, shemeji yuko katikati, anapigwapigwa mabegani, anaitwa Mkono wa Dhahabu. Nikampita injinia, nikaingia kiti changu cha nyuma. Mwoga mkubwa mimi!

Sasa niko garini. Kitambaa bado kiko shingoni. Naandika daftari likiwa pajani, mwandiko huu sijui kama nitausoma. Injini inanguruma taratibu. Injinia yuko mbele yetu, hata jiwe la kutupwa na mtoto lingemfikia. Ameinua bendera. Shemeji haondoi gari. Amegeuza kichwa kidogo, ananong'ona: shemeji, ameinua ya rangi gani?

Nimemwambia nyekundu.

Ni ya kijani. Injinia anaipunga tena, kwa nguvu. Wakubwa wanatazamana, wanapiga kelele. Shemeji ametulia tuli, mikono kwenye usukani. Injinia anakuja huku, karibu anakimbia — na shemeji ananiuliza mbona watu wanapiga kelele.