Glavu ya Kidole cha Sita

Bibi,

Kamwene, nakusalimu huko uliko. Baridi ya Njombe imerudi na glavu ulizonifumia zimenibana. Nilikwenda Makambako na baba kutafuta za mitumba. Siku hizi mabunda yanafunguliwa mpaka kando ya barabara, lakini glavu zote zina vidole vitano. Muuzaji akasema, "Dada, jaribu hii, inavutika." Nikatia mfukoni mkono wa kushoto, wenye vidole sita, nikamwambia namtafutia mtu. Wewe ulikuwa ukinishika kidole hicho hicho cha sita tukienda misa, mbele za watu. Naona aibu.

Kuna kubwa zaidi. Mama amejifungua mtoto wa kiume, naye anacho, mkono ule ule. Baba alimtazama, akaniambia, "Kalete uzi wa bibi yako tukifunge, kikauke kingali laini." Nilikwenda mbio, Bibi. Nilitaka kitoke, asije akakua akijificha kama mimi.

Kumbe uzi ulikuwa umeshikana na glavu uliyokuwa ukinifumia ulipougua. Umemaliza vidole vitano. Cha sita hujakianza, na sindano bado zimo. Kuukata uzi ingebidi nikuharibie kazi. Nikakaa sakafuni nikalia, kisha nikarudi mikono mitupu. "Baba," nikasema, "uzi wa bibi una kazi."

Kesho yake tulimpeleka mtoto hospitali ya misheni. Daktari alisema kidole kina mfupa, uzi ungemletea kidonda tu. Akaeleza kwamba mkono ukiwa bado chipukizi tumboni, seli huambiana: wewe kuwa dole gumba, wewe kidole cha mwisho. Ujumbe ukienda pasipo pake, kidole huzidi, na kasoro hiyo mzazi huweza kumrithisha mtoto. Mama hakuvunja mwiko wowote. Ndipo baba akanyoosha mkono wake, akamwonyesha kovu dogo pembeni. Alisema naye alizaliwa na cha sita, ukakifunga uzi wewe, kwa kuogopa maneno ya majirani.

Hukuwahi kuniambia. Sasa najua kwa nini nilipozaliwa ulisema, "Huyu mwacheni."

Pumzika, Bibi. Cha sita nimekianza mwenyewe. Kimepinda, mkono wangu si mwepesi kama wako. Nikimaliza nitamfumia na mdogo wangu. Aibu bado ninayo, sikudanganyi. Lakini Jumapili, watu wakinipa mkono wa amani kanisani, mkono nitautoa mfukoni.

Mjukuu wako,
Leah