Saratani niliyoiita pole

Kamanda, uko? Usinipigie, sauti haitoki. Nimechoka kama nimebeba hospitali nzima mgongoni.

Unakumbuka dada alipoambiwa ana saratani ya tezi ya shingo, ile ya thairoidi? Nikamtuliza kwamba hiyo ni pole, mtu anazeeka nayo, asikimbilie kisu. Nilisoma mwenyewe kwenye simu. Nikaongezea na mzee aliyeishi nayo miaka arobaini. Mzee huyo nilimtunga.

Dada akangoja miezi minane. Miezi minane, Kamanda!

Leo daktari katusomea majibu ya kipande walichokata juzi. Kasema ile ya kawaida ndiyo mara nyingi huenda polepole. Ya dada ni aina ya nadra, ya seli ndefu. Ugonjwa ni ule ule, tabia mbali kabisa. Hii ina haraka, imeshatoka kwenye thairoidi na kuingia kwenye tezi za limfu, pembeni ya shingo. "Bado tunaweza kupambana nayo, ila upasuaji ni Jumanne, na utakuwa mkubwa."

Halafu akauliza, "Mama, nani alikushauri usubiri?"

Nikatazama viatu vyangu.

Dada akajibu, "Hakuna, mwanangu. Niliogopa kisu mwenyewe."

Dada yangu! Huyu anayeniita mwongo tangu nina meno ya utoto!

Kwenye ngazi nikamwomba radhi. Akasema, "Nyamaza. Jumanne uje mapema, nitakuwa na woga. Unisimulie habari za yule mzee wako."

Nikamwambia, "Dada, yule mzee hayupo."

"Najua. Wewe nisimulie tu."