Tulimngoja Mtangazaji Avae Koti

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama hauruhusu basi nakusalimu tu, naomba msaada wako haraka maana Jumamosi hii ndugu zangu wanakutana nyumbani kwa kaka yetu mkubwa kukata shauri kuhusu baba, nami sijui nitaingia mlangoni kwa uso gani.

Mimi ni fundi cherehani, ndoa yangu ilivunjika nikarudi kwa baba, nyumba yake iko mtaa wa mwisho kabla ya bahari, na vyumba vya mbele tumegawana, upande mmoja ni cherehani zangu na upande wa pili ni kinyozi, ambaye ndiye baba mwenyewe, amenyoa vichwa vya mtaa huu tangu mimi sijazaliwa. Televisheni iko kwake, juu ya kioo kikubwa, na msimu wa vimbunga ukifika watu wanajaa mle ndani kutazama habari, hata wenye vipara ambao hawana cha kunyolewa.

Sasa mshauri, pale kwa kinyozi tulikuwa na kipimo chetu. Kuna mtangazaji mmoja ambaye kila kimbunga kikitajwa yeye ndiye anapelekwa ufukweni, sisi tunamwita Bwana Koti, na tulikuwa tunasoma hatari kwa mavazi yake, akiwa na shati watu wanaendelea na shughuli zao, akivaa koti la mvua tunaanza kufunga mizigo, na akifunga ile kofia ya koti hadi kidevuni hapo hata wabishi wanatafuta funguo. Ilianza kama utani wa wateja lakini utani ukazoeleka, ikawa mtu akiuliza habari za kimbunga anajibiwa "bado ana shati," naye anaridhika, anakwenda zake.

Vimbunga vitatu vilivyopita Bwana Koti alifunga kofia hadi kidevuni, alikumbatia nguzo akapiga kelele kama mtu anayezama, nasi tukakimbilia ukumbi wa shule, tukalala sakafuni na watoto wa watu wanalia usiku kucha, na kila tukirudi tunakuta kikombe cha chai kiko palepale mezani tulipokiacha. Mara ya tatu ndiyo iliyonichoma zaidi, maana walirudia kuonyesha zile picha nikaona nyuma ya Bwana Koti, wakati yeye bado anang'ang'ania nguzo, mtu mzima anapita na baiskeli polepole huku anaongea na simu! Jirani yetu fundi friji, tunamwita Bwana Uhakika kwa sababu hajawahi kuhama hata mara moja, alisimama mlangoni kwake nilipokuwa nashusha mizigo akasema, "Karibuni wakimbizi, chai ipo," na toka siku hiyo mtaa mzima ukaniita Mama Mabegi. Nilicheka nao lakini iliniuma, wateja wananiletea nguo huku wananiuliza kama nitakuwepo au nitakuwa safarini.

Kilipotajwa hiki cha mwisho nikajiapiza kwamba sitafunga begi mpaka nione kofia imefungwa kidevuni. Siku yenyewe mchana tulikaa kwa baba tunatazama, mimi napiga pindo, baba amekaa kwenye benchi la wateja karibu na mlango, ameshavaa viatu, mkoba wake wa vifaa mapajani, ndivyo alivyo akisikia habari ya safari, na kwenye televisheni Bwana Koti alikuwa na shati jeupe, jua linawaka nyuma yake, anaongea kwa utulivu kabisa. Mjumbe wa mtaa akapita na kipaza sauti na ile pikapu ya kubebea wazee, akaniuliza mlangoni, nikamwambia sisi tumeshapata gari, awahi kwa wengine, akaenda. Baba akaniuliza, "Si tungeondoka na hawa, mwanangu?" nikamwambia, "Baba, mtu bado ana shati," akabaki amekaa palepale.

Mshauri, yale yalikuwa matangazo ya asubuhi! Walikuwa wanayarudia tu, nasikia mitambo yao ilikatika mawasiliano, maandishi madogo yalikuwa yameandikwa pembeni na mimi sikuyaona. Nje kwetu mawingu yalikuwa yameshafunga na mvua imeanza, halafu kwenye televisheni jua, na mimi niliamini jua la televisheni. Umeme ukakatika, mabati yakaanza kung'oka, maji yakaingia chini ya mlango tukapanda juu ya meza yangu ya kukatia nguo, na kile kioo cha baba kikaanguka kikamchana mkono wa kulia. Aliyetutoa ni Bwana Uhakika, alivunja dirisha akambeba baba mgongoni mpaka ghorofani kwake, na tangu siku ile sijamsikia akimtania mtu.

Mkono umeshonwa, lakini vidole viwili havikunjiki sawasawa, daktari anasema vifanyiwe mazoezi. Baba sasa yuko kwa kaka, mji wa mbali na bahari, ghorofa ya juu, anashinda kibarazani. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta ameshika kitana kwa mkono ule mbovu, anachana nywele za ufagio.

Kilichoniua zaidi ni kwamba baada ya kimbunga Bwana Koti alikuja mtaani kwetu, akamhoji kaka mbele ya nyumba iliyobomoka, kaka akasema kwa uchungu kwamba wazee wetu hawasikii, baba aligoma kuondoka, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake kwenye picha ileile, nimeinamisha kichwa. Wamekirusha kipande hicho siku kadhaa kama funzo kwa wazee wabishi. Baba alikiona akiwa sebuleni kwa kaka na watu wote wa nyumba wamekaa, akasema tu, "Picha imetoka vizuri." Shangazi alipompigia simu kumuuliza kwa nini aligoma, alimjibu neno moja, "Uzee."

Jumamosi wanataka kuamua kwamba baba asirudi tena pwani, nyumba itengenezwe na chumba chake cha kunyolea apewe fundi simu, maana kaka anasema mtu asiyesikia onyo hawezi kuachiwa aishi karibu na maji. Baba habishi, anaitikia tu. Nami hazungumzi kama zamani, ananijibu vizuri, ananiuliza kama nimekula, basi. Sipati usingizi, naacha televisheni inawaka mpaka asubuhi nikimngojea yule mtu nione amevaa nini. Najuta mshauri, najuta sana, laiti wangeandika kwa herufi kubwa kwamba picha ni za asubuhi. Naomba uniambie, je, naweza kuwashtaki wale wa televisheni, na nitumie maneno gani kumtuliza baba aukubali uamuzi wa ndugu zangu bila kinyongo?

Ni mimi,
Binti wa kinyozi

*

Binti wa kinyozi,

Pole, mwanangu. Pole kwa nyumba, kwa maji, na kwa mkono wa baba yako. Barua yako niliisoma nimekaa, kisha nikainuka nikaisoma tena nimesimama.

Nianze na televisheni, maana ndiyo uliyoniuliza. Waandikie malalamiko, ni haki yako. Anayerudia picha za asubuhi wakati watu wanaangalia kama wabaki au waondoke, anacheza na roho za watu. Na nisijifanye msafi: gazeti hili unalolisoma lilitoa vichwa vya habari vyekundu kwa vimbunga vyote vitatu vilivyopita, herufi kubwa kuliko za vita. Nilikuwepo ofisini vilipochaguliwa, nikanywa chai yangu, sikusema kitu. Tumewachosha watu kwa kelele, na siku ya kelele za kweli wamebaki nyumbani. Hilo linaniuma na halitafutika kwa kuniandikia barua wala kwa mimi kukujibu.

Lakini dirisha, binti! Ulikuwa umekaa chumba chenye dirisha. Mvua inanyesha upande huu, jua linawaka upande ule, nawe ukaamua kumwamini mwanamume mwenye shati jeupe. Haya, hilo nakusamehe, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na kichaa hichohicho.

Nisilolisamehe ni gari. Ulimwambia mjumbe mmeshapata gari. Gari gani? La nani? Nimelitafuta kwenye barua nzima, kurasa zote, sikuliona. Lingekuwepo msingepanda juu ya meza. Hapakuwa na gari, mwanangu, na wewe ulijua hapakuwa na gari, na ulimwondoa mtu mlangoni kwa sababu hukutaka tena kuonekana unashusha mabegi na Bwana Uhakika anakukaribisha chai. Naijua aibu hiyo. Kuchekwa mara tatu na mtaa mzima kunamtoa mtu akili. Ningekuwa mimi labda ningesema uongo uleule, na kwa hiyo sikutukani.

Ila tazama kilichofuata. Kaka yako amesema mbele ya nchi nzima kwamba baba yenu aligoma, na hakusema uongo kwa makusudi, alisema alichoamini kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine. Aliyekuwa anajua alikuwa amesimama pembeni yake kwenye picha. Kichwa umeinamisha, sawa, lakini mdomo ulikuwa nao. Sasa mzee ambaye hajagoma kitu anaitwa mbishi na watoto wake, anafungiwa ghorofani, anapokonywa kiti chake cha kunyolea, na jina la uzee anajibandika mwenyewe ili asikutaje wewe. Halafu unaniomba maneno ya kumtuliza! Mzee ametulia mno tayari. Anayetakiwa kutibuka ni wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Usingoje Jumamosi. Panda gari Ijumaa, fika kwa kaka yako mapema, mfuate baba pale kibarazani kabla hujamsalimia mtu mwingine. Mwambie: "Baba, niliwaambia tuna gari na hatukuwa na gari. Nisamehe." Usiongeze habari za mitambo wala maandishi madogo. Hutakuwa unampa habari mpya, alikuwepo, alisikia kila neno. Anachosubiri ni kukusikia ukilisema. Akinyamaza, kaa naye. Akikuuliza kama umekula, mjibu kama umekula.

Jumamosi ongea wewe kwanza, kabla kaka hajafungua kikao, na baba awepo chumbani, asiambiwe akapumzike. Useme ulichomwambia mjumbe, useme na alichokuuliza baba mjumbe alipoondoka. Na usilie! Nakuonya kwa upendo. Ukianza kulia watakubembeleza, shangazi atakuletea maji, kikao kitakuwa chako, na chumba cha baba kitakwenda kwa fundi simu wakati wewe unafuta machozi. Maliza kusema kwanza. Ukishamaliza, lia unavyotaka.

Kisha baba aulizwe anataka kuishi wapi, aulizwe yeye, kwa sauti, na jibu lake lingojewe hata likichelewa. Huenda akasema amechoka na bahari, hapo mtamwacha alipo kwa heshima. Huenda akataka kurudi kwenye kiti chake, na hapo kaka yako ana haki ya kuuliza nani atamtoa siku nyingine. Jibu ni wewe, kwa pikapu ya mjumbe, siku hiyohiyo mjumbe anapopita, bila kuangalia televisheni. Mkirudi mkakuta kikombe kiko palepale, mshukuru mkioshe. Bwana Uhakika akiwakaribisha chai, nendeni mkanywe, ingawa sidhani kama atakuwa na utani tena.

Ukirudi mtaani pitia kwa mjumbe. Mtu yule alimwacha mzee nyuma na siku hizi anayasikia maneno yako mlangoni kila anapolala. Mtue huo mzigo, ni wako. Televisheni izime, wewe huna la kufanya na mavazi ya yule bwana saa nane za usiku. Na vidole vya baba visiishie kwenye ufagio. Kaa mbele yake akuchane wewe, hata akikuumiza.

Simu ya kituo kile ipigwe pia, uwaambie kipande chao kina uongo na mwenye uongo huo ni wewe. Labda watarekebisha, labda watakukatia simu. Piga tu.

Najua unachoogopa. Kaka yako atakasirika, na atauliza tumwamini vipi mtu aliyenyamaza siku zote hizi, huenda unamtetea mzee tu. Akiuliza hivyo, mwambie baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani. Mwambie alikuwa ameshavaa viatu. Uliniandikia mwenyewe, katikati ya habari za pindo, ukapita haraka kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Rudi hapo, mwanangu. Baba yako alikuwa ameshavaa viatu, akakaa akikungoja wewe.