Mahamri Kabla ya Damu

Mtopanga, Kisauni

Kwa dada yangu Kulthum,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta huko Likoni ukiwa mzima, na kwamba goti la shangazi Wardah limetulia. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Simu umeizima tangu siku ile, wala sikulaumu, ndiyo maana nimemtuma mwanangu Habib akuletee karatasi hii.

Najua kilichokutoa hapa. Mtalaka wako, Daktari Jaffar, alisimama ukumbini na utafiti wake, akaonyesha ukutani picha aliyokupiga mkiwa mume na mke, ya tumbo lako na mikono yako. Akasema ule ni mwili wa mwanamke wa miaka arobaini uliozeeshwa na mafuta. Uso aliuficha, lakini kovu lako la kuungua jikoni nani mtaani asiyelijua? Alikuacha kwa kunenepa baada ya kumzalia, kisha akakufanya somo. Wallahi nilichemka, na mpaka leo sijapoa.

Usilolijua ni kwamba baadaye alinijia mimi. Anajua mhudumu wa afya wa mtaa kama mimi hafungiwi mlango, na alitaka nimkusanyie wazee awapime. Aliniita shemeji, bila haya! Akanieleza kuwa mafuta ya mwili si mzigo tu, yanapeleka habari mwili mzima, na kwamba uzeeni hujaa seli kuukuu zinazokataa kufa, zikakaa kuwatilia sumu jirani zao. Nikasema moyoni, hizo nazijua, moja imeketi kwenye kiti changu. Sharti lake lilikuwa moja: wazee wasile chochote tangu usiku mpaka watolewe damu. Nikamwambia inshallah.

Nilimletea wazee wa Mtopanga na Mishomoroni, akanisifu sana. Kisha majibu yakatoka, naye akakonda zaidi ya alivyokonda. Damu zilijaa sukari na mafuta hata kwa wazee wembamba kama ufito, hakuna kilicholingana na alichokitabiri. Wakubwa wake wamemwandikia kwa ukali, na ule uprofesa aliokuwa akiutangaza umesimamishwa. Alikuja barazani kwetu akashika kichwa. Nilimtazama, dada, na nilifurahi. Sitakuficha.

Wala hili sitakuficha: niliwalisha mimi. Kila alfajiri, kabla gari lake halijafika, wazee walipitia kwangu, nami niliwaandalia mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Bi Mwanarehema alisita mwanzoni, akasema daktari amekataza. Nikamwambia daktari ni nani, na tumbo lile ukutani lilikuwa la nani. Akaomba hamri la pili, palepale mkekani kwangu. Alipoulizwa kama amekula, alijibu kwamba tangu ainuke mkekani hajatia kitu kinywani. Afya zao sikuzichezea. Niliwapeleka zahanati mwenyewe, wakapimwa sawasawa.

Sasa Jaffar ameomba kurudia vipimo Alhamisi, na ameniambia ndiyo nafasi yake ya mwisho. Nimekubali. Niliyekuwa nikimwogopa ni Mama, maana wajua alivyotuhimiza subira na kumwachia Mungu. Jana aliniingilia jikoni nikichambua mbaazi, akauliza ni za wazee wa Jaffar? Niliendelea kuchambua nikingoja laana. Akasema zile za mwanzo zilikosa tui, na safari hii atapika mwenyewe.

Tena akaniagiza nikuandikie, kwa kuwa unga utakuwa mwingi na hakuna akandaye kama wewe. Njoo, dada. Njoo na mkono wako wenye kovu, ukunje mikono ya gauni, wazee wote wauone.

Msalimie shangazi, umwambie tunamwombea. Mama anakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Waridi