Nilitamani Gesi Iwe Mbovu

Songea, Alhamisi jioni. Baridi ya Juni imeshika kweli. Tangu asubuhi ukungu haujaachia, na mimi nina mafua yanayonifanya nionekane nimelia hata nisipolia. Leo nimelia pia, kwa hiyo mafua yamenisitiri. Nipo kwenye kafe ya intaneti hapa Majengo, nimejibana kwenye kompyuta ya pembeni ili mtu asinichungulie.

Nimemkumbuka Kosmas. Naandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Kwa asiyetujua, Kosmas ni mume wangu, na sote wawili ni mafundi umeme wa shirika moja. Mimi nipo kituo cha hapa, yeye yupo makao makuu Dar es Salaam, na ndiye mtaalamu wa swichi za gesi. Tulifunga ndoa Peramiho mwaka jana, tukakaa pamoja wiki mbili, basi. Tangu waje wasimamizi wapya na wimbo wao wa kubana matumizi, uhamisho umesimama na likizo zinaahirishwa. Fundi wa Dar hatumwi huku ila mtambo uwe umeharibika.

Leo ilikuwa siku ya kupima swichi kubwa, ile inayopeleka umeme hospitali. Ni pipa la chuma lililofungwa kabisa, ndani yake kuna gesi ya kuzima cheche. Cheche zikizidi, gesi hiyo huanza kuvunjika na kuzaa gesi nyingine zenye sumu, kidogo sana, hata pua isiyo na mafua haizipati. Ukisubiri mpaka uzinuse umeshachelewa. Kwa hiyo tunavuta gesi kidogo kwa pampu ya mkono na kuipitisha kwenye kijiti cha kioo kama mrija, chenye unga wa buluu ndani. Unga ukibaki buluu, swichi ni nzima. Ukigeuka mweupe, swichi inazimwa mpaka mtaalamu afike.

Nilivuta. Unga ukageuka mweupe.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kama msichana aliyeletewa barua, nikakimbilia simu ya ofisini, nikampigia Kosmas kabla hata sijamwambia bosi. Akacheka kicheko chake kile kifupi. "Basi nakuja, mke wangu," akasema. "Andika ripoti, faksi ifike leo leo."

Nikakaa kuiandika, mkono ukagoma.

Naungama hapa, maana kwa padre nitaona aibu: jiko nililiona.

Mzee Ngonyani, mlinzi wetu, alikuwa ameliweka nyuma ya mlango wa chumba cha swichi. Siku hizi shemeji yake anamletea mabonge ya makaa ya mawe, na kwa baridi hii anawasha kila pembe. Nilipomwamkia shikamoo asubuhi alinijibu, "Marahaba, mwanangu. Nimekuwashia humo ndani, usije ukaganda vidole." Ni huruma tu. Lakini moshi wa makaa ya mawe una gesi ileile ninayoitafuta kwenye swichi, na mpira wa pampu sikuukaza vizuri, ukavuta hewa ya chumba. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na mimi si mwanafunzi. Nilijua, nikajifanya sijui.

Ningesaini ile ripoti, swichi ingezimwa, na hospitali ingebaki na jenereta yao ya kubahatisha mpaka mume wangu ashuke kwenye basi. Niliwaza wanawake walioko wodi ya wazazi. Niliwaza pia, Mungu anisamehe, jinsi nitakavyompikia Kosmas dagaa wa Nyasa na kumtazama akila. Mawazo hayo mawili yalikaa pamoja kichwani bila kugombana, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Mwishowe nilirudi. Nikamwomba Mzee Ngonyani atoe jiko, nikafungua milango upepo upite, nikakaza mpira, nikakata ncha za kijiti kipya. Nilivuta polepole huku nikikiomba kigeuke. Nilikiomba kwa sauti, mzee akadhani nasali.

Kilibaki buluu.

Nikatumia na cha tatu, ingawa utaratibu hautaki. Buluu tupu. Nikaandika kwamba swichi ni nzima, nikasaini, na bosi akanipongeza kwa uangalifu wangu. Laiti angejua.

Halafu ikabidi nimpigie Kosmas tena. Nilimweleza yote, jiko, mpira, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Alisema nimefanya vizuri, kwa sauti ile anayoitumia akiongea na wakubwa.

"Ovaroli nimeshaifua," akaongeza. "Iko kambani."

Nikarudisha simu mahali pake, nikaja moja kwa moja hapa kafe.

Kesho nitaingia kwa bosi na ombi langu la likizo, la nne hili, na sitoki mlangoni mpaka anijibu kwa mdomo wake. Lakini jioni hii Kosmas ataianua ile ovaroli, ataikunja, ataiweka. Atakuwa anawaza nini juu ya mke wake?